RUDI UKASHUKURU, HATA KAMA MIKONO NI MITUPU!



Kijana mwenzangu, karatasi hii haijakufikia kwa bahati tu. Labda umepewa hapa uwanjani. Labda umeikuta kwenye kiti cha daladala. Labda muuza karanga amekufungia karanga ndani yake. Vyovyote vile, isome kwanza kabla hujaitupa. Sitakuuliza dini yako, wala sitakuuliza jana ulilala wapi. Nina swali moja tu la kukuuliza.

NANI ALIKUPOKEA?

Maana hapa Dar es Salaam hakuna mtu aliyefika akajipokea mwenyewe. Ulishuka kwenye basi na begi lako la shangazi kaja, macho yanazunguka, unaogopa hata kuvuka barabara. Kuna mtu alikuja kukuchukua. Labda ni shangazi yako wa Mbagala Charambe, mwenye chumba na sebule, ana watoto wanne, na wewe ukawa wa tano. Ukatandikiwa mkeka chini. Labda ni mshikaji wako wa Tandale mliyecheza naye mpira kijijini, akakugawia nusu ya kitanda na nusu ya ugali. Labda ni yule mama ntilie wa Tandika aliyekukopesha wali maharage wiki nzima, akaandika jina lako kwenye daftari bila kujua kama utalipa au utahama usiku. Labda ni konda aliyekupa deiwaka ya kwanza. Labda ni fundi aliyekukalisha kwenye cherehani yake akakufundisha kushona, na senti tano hakukudai.

Na wewe uliyezaliwa hapahapa mjini, usicheke ukadhani hayakuhusu. Nani alikununulia sare ya shule mwaka ule baba alipoondoka? Nani alikuja kituoni usiku kukudhamini ulipokamatwa na wenzako kijiweni? Nani alikupeleka hospitali ya Temeke au Mwananyamala ukiwa hujitambui kwa malaria, akakaa kwenye benchi mpaka asubuhi?

Sasa umeshamkumbuka. Jina lake limekuja, na sura yake imekuja. Haya, niambie: mara ya mwisho ulimwona lini?

Hapo ndipo vijana wengi huinamisha kichwa. Mambo yamenyooka kidogo, umepata geto lako, una simu, una meza yako ya biashara au bodaboda ya mkataba. Na yule mtu siku hizi unampiga chenga. Ukipita mtaa wake unazunguka njia ya nyuma. Simu yake ikiita unaiacha iite mpaka ikatike. Ukikutana naye ana kwa ana unasema, "Shangazi nitakuja, nimebanwa tu," na moyoni unajua huendi.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Unambebesha maji unampa majani, akishiba anakurushia miguu. Lakini mimi nikiongea na vijana hawa sioni punda. Naona mtu mwenye aibu. Wananiambia, "Mwinjilisti, nitamrudiaje sina kitu? Nikipata nitakwenda, tena nitakwenda na mchele gunia zima." Basi anangoja apate. Mwaka wa kwanza unapita, wa pili unapita, na kila mwaka ukipita gunia linatakiwa liwe kubwa zaidi, kwa sababu sasa inabidi alipie na kuchelewa. Mwisho anaona ni afadhali asionekane kabisa. Kwa hiyo aliyekupenda ukiwa na kandambili moja iliyokatika, leo unamkimbia kwa sababu huna gunia!

HEBU TUONE WALE WAKOMA KUMI

Fungua Biblia, Injili ya Luka sura ya 17, kuanzia mstari wa 11 mpaka wa 19. Kama huna Biblia, mimi nakusimulia.

Yesu alikuwa safarini kwenda Yerusalemu, anapita kati ya Samaria na Galilaya. Alipoingia kijiji kimoja wakamtokea watu kumi wenye ukoma. Wakasimama mbali. Kwa nini mbali? Kwa sababu sheria ya Musa katika Mambo ya Walawi ilimtaka mwenye ukoma akae nje ya makazi ya watu, peke yake. Siku hizi ukoma unatibika, dawa zipo na hutolewa bure, ukimwona mwenye ukoma usimkimbie. Lakini wakati ule ukoma ulikuwa unakutoa nyumbani. Mke humgusi. Mtoto humbebi. Sokoni huendi. Hawa kumi walikuwa wamebaki wenyewe kwa wenyewe tu, Myahudi na Msamaria wamechanganyika humo, maana shida haina kabila.

Wakapaza sauti wakaomba wahurumiwe. Yesu akawaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kuhani ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kumkagua mtu na kutamka kwamba sasa ni safi, arudi kwa watu. Wakaondoka. Wakiwa njiani wakajiona ngozi imerudi! Vidole vizima! Haleluya!

Sasa nataka uangalie jambo ambalo wengi wanalipita haraka. Wale tisa hawakutukana, hawakuiba, hawakusema uongo. Walikuwa wanaelekea kulekule walikotumwa. Na mbele yao kulikuwa na nini? Nyumbani! Mke aliyemwacha miaka mingi, mtoto ambaye labda amekua hajui sura ya baba. Nani angekawia? Kosa lao ni hilo moja tu: mambo yaliponyooka, waliendelea na safari.

Si ndiyo wewe? Hukumtukana shangazi. Hukumwibia mama ntilie. Umeendelea tu na safari.

Lakini mmoja aliposimama akajitazama mikono, akageuka. Wenzake tisa wanakwenda kule, yeye anarudi huku, peke yake. Anamsifu Mungu kwa sauti kubwa, tena yule aliyekuwa anapaza sauti kuomba, sasa anapaza sauti kushukuru. Akaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu akamshukuru. Na Luka anatuambia mtu huyu alikuwa Msamaria, yaani mtu ambaye Wayahudi walikuwa hawachangamani naye.

Nikuulize, alileta nini mkononi? Soma mstari kwa mstari. Hakuna mbuzi, hakuna fedha, hakuna gunia. Mtu aliyekuwa anakaa nje ya kijiji anaomba huruma za watu, angetoa wapi? Alirudi na mwili wake na sauti yake. Na Yesu akauliza kuhusu wale tisa waliobaki, wako wapi. Hakuuliza zawadi. Aliulizia watu! Kisha akamwambia yule mmoja ainuke aende zake, imani yake imemwokoa. Wote kumi walipona ngozi, lakini neno hilo la wokovu aliambiwa yule aliyerudi. Wale tisa hawakuwepo kulisikia.

"NI MUNGU TU!"

Hapa niseme na wale waliookoka pia, maana najua karatasi hizi mnazisoma ninyi wenyewe kwanza kabla ya kuwapa watu. Kuna tabia imeingia. Mtu akifanikiwa akiulizwa anajibu, "Ni Mungu tu!" Jibu zuri, wala sipingani nalo. Lakini wengine wanalitumia kufuta deni la mwanadamu. Dada wa watu amekulipia kodi miezi mitatu, halafu unasimama kwenye ushuhuda kanisani unasema, "Bwana alinitendea, nikapata kodi kimiujiza." Yule dada amekaa benchi la nyuma anasikia. Muujiza ulikuwa na mikono, ndugu yangu! Ulikuwa na pochi, na ulikwenda kazini kwa mguu mwezi huo!

Kumbuka yaliyotokea Bukoba. Jumapili asubuhi, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka hapa Dar es Salaam ilianguka kwenye Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua uwanja wa Bukoba. Ndani walikuwemo watu 43. Waliokufa ni 19, waliopona ni 24. Na nani waliofika wa kwanza? Wavuvi. Watu wa mitumbwi na makasia, hawana sare wala king'ora, waliiendea ndege iliyozama kichwa majini. Mmoja wao, kijana mvuvi Majaliwa Jackson, aliingia majini kujaribu kuwasaidia na marubani, akaumia, akazimia, fahamu zikamrudia akiwa hospitali. Siku iliyofuata mbele ya umati uwanja wa Kaitaba jina lake lilitajwa. Mkuu wa Mkoa wa Kagera alimpa shilingi milioni moja, na Serikali ikaagiza achukuliwe kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Sasa, yule abiria aliyevutwa kutoka mlangoni akiwa amelowa maji, akisema Mungu ameniokoa, amesema kweli tupu. Mungu ndiye aliyemwokoa. Lakini Mungu alipotaka kumwokoa alimtumia mtu aliyekuwa amekwenda kutafuta dagaa. Ukimshukuru Mungu halafu ukampita mvuvi kama humwoni, shukrani yako ina pengo.

Na uangalie: mle majini hakuna mvuvi aliyemuuliza mtu anasali wapi. Milioni moja nayo, hebu pima, ni bei ya uhai wa mtu? Hapana. Hata mngechanga abiria wote mkauza nyumba, hamfikishi. Kwa hiyo anayesema "nikipata cha kutosha ndipo nitarudi", hesabu yake haitakamilika mpaka kufa. Cha kutosha hakipo. Ndiyo maana watu hutoa kile kilichopo, wakataja jina la mtu mbele za watu, na hiyo ikaitwa shukrani.

MZEE MMOJA WA MAGOMENI

Chukua mfano mwingine wa hapahapa kwetu. Mwalimu Julius Nyerere unamjua kwenye noti na kwenye picha za ofisini. Lakini mwaka 1955 alikuwa mwalimu wa shule ya Pugu aliyeacha kazi kwa ajili ya siasa ya uhuru. Mshahara umekatika, ana mke na watoto. Nani alimpokea mjini? Wenyeji wa Dar es Salaam. Abdulwahid Sykes alimkaribisha nyumbani kwake Kariakoo. Dossa Aziz alitoa gari yake kwa kazi ya TANU. Mzee John Rupia alitoa fedha. Bibi Titi Mohamed aliwatoa akina mama majumbani wakajaza mikutano. Baadaye Mwalimu akahamia Magomeni, na nyumba ile leo ni makumbusho, unaweza kwenda ukaiona kwa macho yako, ni nyumba ya kawaida tu ya Uswahilini. Yeye alikuwa Mkatoliki. Wazee waliompokea wengi wao walikuwa Waislamu.

Akatawala miaka mingi. Mwaka 1985, alipokuwa anaondoka madarakani, aliwaita wazee wa Dar es Salaam kwenye ukumbi wa Diamond Jubilee akawaaga. Hakuwasomea mambo ya bajeti. Alirudi nyuma, akawasimulia jinsi alivyofika kwao akiwa mgeni na jinsi walivyomshika mkono. Rais wa nchi! Mtu ambaye angeweza kusema "nilijenga mwenyewe" na hakuna ambaye angembishia mbele ya uso wake.

Sisemi kila mmoja wa watu wale alitunzwa na taifa kama alivyostahili. Hilo wengine wanalilalamikia mpaka leo, na mimi nadhani hawakosei kulalamika. Lakini alirudi akatamka. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Sasa wewe una meza ya soksi pale Mbagala Rangi Tatu umeshasahau aliyekukopesha mtaji wa kwanza!

Mtume Paulo naye alikuwa hivyo. Ukisoma Warumi sura ya 16 utaona orodha ndefu ya majina, watu wengine wanairuka wanaona haina mafundisho. Ina mafundisho makubwa! Anamtaja Febe aliyewasaidia watu wengi na yeye mwenyewe. Anawataja Prisila na Akila, waliohatarisha shingo zao kwa ajili yake. Na mstari wa 13 anamsalimu Rufo pamoja na mama yake Rufo, kisha anaongeza kwamba mama huyo kwake naye ni mama. Hatujui alimfanyia nini. Labda alimpikia. Labda alimfulia shati. Jina la yule mama Biblia haikulitaja, lakini ukarimu wake unasomwa dunia nzima kwa sababu kijana mmoja aliyelishwa hakunyamaza. Basi na wewe unaye mama yake Rufo wako. Huyo wa daftari la wali maharage.

"LAKINI ALINISIMANGA!"

Nakusikia. Unasema, "Mwinjilisti, hujui. Shangazi alinilaza ndiyo, lakini kila siku masimango. 'Unakula tu kama kiwavi.' 'Watoto wa wenzio wanaleta, wewe unamaliza.' Mbele ya wageni ananitangaza."

Ndugu yangu, masimango yanauma kuliko njaa. Sitakudanganya kwamba hayaumi. Kuna watu walikula chakula cha mtu huku machozi yanadondokea sahani. Lakini kaa chini upime. Ule ugali ulikuwa ugali wa kweli? Ulikushibisha? Yule mama mwenyewe mume alikuwa hana kazi, sukari anaipima kwa kijiko, na hakukutoa nje. Mdomo wake ulikosea, mikono yake ilikulisha. Unaweza kumsamehe mdomo na kuishukuru mikono. Ukiweza hilo, umetua mzigo mzito ambao umeubeba muda mrefu bila kujua. Na mimi nimeona, mara nyingi mtu wa masimango akishukuriwa ndiye anayelia wa kwanza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia asante.

Lakini hapa nisimame niseme na dada zangu, na wasichana wote mnaosoma. Shukrani si kulipa kwa mwili! Kama kuna bwana alikulipia ada au alikutafutia kazi ya saluni, na sasa anakwambia, "Nimekusaidia, wewe utanipa nini," akimaanisha kitanda, huyo hakukusaidia. Alikuwa anatega. Huna deni lolote la namna hiyo kwake mbele za Mungu wala mbele za watu. Ondoka, mwambie mtu mzima unayemwamini, na usione aibu, aibu ni yake. Na wewe kaka, mshikaji aliyekulisha akikwambia leo umbebee kifurushi umpelekee mtu Kinondoni na usiulize kina nini ndani, hiyo nayo si shukrani. Hiyo ni jela inakuita. Msaada wa jana haununui dhambi ya leo. Mshukuru kwa ugali, kataa kifurushi.

Je, kama aliyekusaidia amekufa? Hili nalo linawatesa wengi. Ulikuwa unangoja gunia, yeye hakungoja. Fungua 2 Samweli sura ya 9. Daudi amekuwa mfalme, rafiki yake Yonathani aliyemwokoa na mkono wa Sauli amekwisha kufa vitani. Daudi akauliza kama kuna mtu amebaki wa nyumba ile, amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Akapatikana Mefiboshethi, mtoto wa Yonathani, kilema wa miguu, anaishi kwenye nyumba ya watu mbali huko. Daudi akamrudishia mashamba ya babu yake na akamketisha kwenye meza yake. Unaona? Aliyekusaidia ana mtoto. Ana mjane. Mtoto wake labda sasa ndiye anayehitaji mahali pa kutandika mkeka.

SASA TUZUNGUMZE JUU YA YESU

Kijana, yuko mmoja aliyekusaidia ambaye labda hujamrudia hata siku moja.

Wakati wewe hujazaliwa, hujaomba, hujasali, Yesu Kristo alikufa msalabani kwa ajili ya dhambi zako. Hukumtuma. Hukumlipa. Alikupokea kabla hujashuka kwenye basi. Zile ajali ulizoponea, ile homa, usiku ule wa kijiweni ambapo mwenzako alichomwa kisu na wewe ulikuwa umesimama pembeni yake, unadhani ni ujanja wako? Wajanja wangapi wamelala makaburini?

Na Yeye naye unampiga chenga, kwa sababu ileile! Ukialikwa unasema, "Ngoja kwanza nijiweke sawa. Niache kwanza pombe. Niachane kwanza na yule bwana. Nipate kwanza nguo ya kanisani. Ndipo nitakuja." Unatafuta gunia! Unataka uje kwa Yesu mikono imejaa, na kila mwaka unaona mikono inazidi kuwa mitupu, na unazidi kwenda mbali.

Yule mwenye ukoma alirudi hana kitu, tena siyo wa dini ile iliyoheshimika, na hakufukuzwa. Wewe utafukuzwa kwa nini? Pombe njoo nayo hapo miguuni, aiondoe Yeye. Yule bwana, zile bangi, ule wizi mdogomdogo wa mizani, njoo navyo vyote, uvitue hapo. Huwezi kujisafisha nje halafu ndipo uje usafishwe.

Kama unataka, omba pamoja nami, hapo ulipo, hata kama uko kwenye daladala umebanwa mlangoni:

"Bwana Yesu, nimekuja. Sina kitu mkononi. Nimepokea mengi kwako na sikurudi. Ulikufa kwa ajili yangu nami nikaendelea na safari yangu. Nisamehe dhambi zangu zote, ninazozikumbuka na nisizozikumbuka. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wangu. Asante kwa uhai, asante kwa damu yako. Na watu wote ulioniletea wanisaidie, nakushukuru kwa ajili yao, kwa majina yao. (Hapo wataje mmoja mmoja.) Nipe nguvu ya kuwarudia. Amina."

Kama umeomba sala hii hapa mkutanoni, njoo mbele karibu na jukwaa, wapo watumishi watakaoomba na wewe na kukuandika jina. Kama umeisomea nyumbani, tafuta kanisa linalohubiri Biblia karibu na mtaa wako, mwambie mchungaji uliyoyaomba, na anza kusoma Injili ya Luka, sura moja kila siku.

Na wiki hii, kabla ya Jumapili, nenda kwa yule mtu. Usimtumie meseji kama anakaa umbali wa nauli ya daladala moja. Kama una kilo ya sukari, beba kilo ya sukari. Kama huna, nenda bila sukari. Ukifika usianze kueleza ulivyokuwa umebanwa, wala usitoe ahadi ya kitu usichokuwa nacho. Taja jambo lenyewe alilokufanyia: "Shangazi, mwaka ule nilipokuja ulinitandikia mkeka sebuleni, ukanipa chai kila asubuhi na watoto wako. Nimekuja kusema asante." Halafu nyamaza, umwache aseme. Akiwa na la kukulaumu, sikiliza mpaka amalize. Kama kuna ndoo za kujaza maji, jaza.

Ukikuta amehama, muulize mwenye duka wa pale kona au mjumbe. Wao huwa wanajua watu walikohamia.